Shemeji wa Hakimu

Ukitaka kujua nani ana kesi na nani amekuja kusindikiza tu, tazama viatu. Mwenye kesi huja na viatu vya harusi. Mwanamume aliyeitwa Shemeji aliligundua hilo miaka minne iliyopita, na asubuhi hiyo, akiwa ameketi mahali pake pa kila siku kwenye benchi la nje ya chumba namba tatu cha mahakama, aliona jozi mbili za viatu vya harusi zikiingia kwa mlango mmoja na kuachana papo hapo. Jozi moja ilikwenda kusimama kwenye ubao wa matangazo. Nyingine ilibaki karibu na pipa la maji ya kunawa. Wenye viatu hawakutupiana jicho hata kidogo.

"Majirani," Shemeji alijisemea. "Na kama si mti, ni ukuta."

Ulikuwa ukuta. Alivuta suruali ili isivunje mkunjo wa pasi, akatoa kitana, akachana nywele zilizokuwa zimechanwa tayari, akakaa mkao wa kula.

Hapa inafaa msomaji ajue jambo moja, asije akamdhania mtu vibaya. Shemeji hakuwahi kumwambia kiumbe yeyote kwamba yeye ni shemeji wa hakimu. Angekamatwa. Alichofanya ni kuangalia saa kila hakimu alipopita kuelekea ofisini, kutikisa kichwa kidogo, na kusema kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Na leo hajanywa chai huyu. Dada mtu atanigombeza mimi." Basi. Hesabu nyingine watu walizipiga wenyewe, na wakipata jibu waliliamini kwa kuwa ni lao.

Mwenye jozi ya kwanza, mtu mwenye upara na faili la plastiki, alisogea akaketi. Shemeji hakumsemesha. Kunyamaza ndiko kulikokuwa mtaji wake mkubwa, zaidi hata ya mkoba mweusi aliokuja nao kila siku, ambao ndani yake mlikuwa na gazeti la wiki iliyopita na nusu mkate.

"Kesi ya ukuta?" aliuliza hatimaye, macho yakiwa mbali.

"Umejuaje?"

"Niliisikia ikitajwa mezani." Hakusema meza ya nani. "Mwenzako yule, ana mtu?"

"Mtu gani?"

"Basi, kaka. Hakuna neno."

Akafungua gazeti. Mwenye upara alivumilia labda dakika mbili. Mtu mwenye haki yake huweza kuvumilia mvua, njaa na wakwe, lakini hawezi kuvumilia wazo kwamba mwenzake ana mtu.

"Samahani, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo mtu... anapatikanaje?"

"Mimi sijui mambo hayo," Shemeji alisema kwa huzuni. "Ila kama ni lazima, naweza kufikisha salamu. Salamu tu. Na nakuambia mapema, mimi si mwizi. Ukishindwa narudisha zote, hata senti haikatwi. Nina watoto mimi."

Hakuwa na watoto. Bahasha ilihama kutoka kwenye faili la plastiki kwenda kwenye mkoba mweusi, ikalala juu ya mkate.

Mfagizi wa jengo, mwanamke wa makamo ambaye wote walimwita Mama Usafi, alikuwa amefika benchini na ufagio wake. "Inua miguu, Shemeji," alisema. Shemeji akainua miguu bila kumtazama, kama alivyoinua kila siku kwa miaka minne, akaishusha, akaenda zake kwenye pipa la maji kumsalimu mwenye jozi ya pili.

Na mwenye jozi ya pili naye alitaka kujua kama mwenzake ana mtu.

Mwezi uliofuata hakimu alitoa hukumu. Mwenye upara alishinda kwa sababu alikuwa na ramani yenye vipimo, na jirani yake alikuwa na kelele tu. Shemeji alimfuata yule jirani nje ya geti, uso umemshuka kama mfiwa.

"Kaka, nilifika mpaka mlangoni," alisema. "Mwenzako alipitia juu zaidi. Chukua chako. Zihesabu."

Jirani alizihesabu, na zilikuwa zote. Machozi yalimlengalenga. Katika maisha yake hakuwahi kuona pesa ya namna ile ikienda na kurudi. Kabla ya saa saba mchana mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba kule mahakamani kuna mtu mmoja mwaminifu sana, na Jumatatu yake walikuja wateja watatu kwa jina lake. Ndivyo biashara ilivyokwenda. Aliyeshinda alinyamaza kwa aibu, aliyeshindwa akatangaza bure, na bahasha moja kila mara ilibaki mkobani.

Lakini biashara yote hii ilisimama juu ya nguzo moja, na nguzo hiyo ilikuwa hakimu mwenyewe.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba. Alikula chakula chake peke yake, kutoka kwenye kontena aliyokuja nayo, mlango ukiwa wazi. Hakupanda gari la mtu. Wafanyabiashara fulani waliwahi kumletea kalenda ya ukutani mwanzo wa mwaka, akaandika barua ya kuirudisha, nakala mbili, na kwenye barua akataja picha iliyokuwa mwezi wa sita, wasije wakasema ilibadilishwa. Hata fundi umeme aliyemaliza kazi ofisini kwake na kumwambia "karibu nyumbani" aliandikiwa kwamba mwaliko wake umepokelewa na hautatekelezwa.

Shemeji alimpenda mwanamke huyu kwa moyo wake wote. Hakimu anayepokea angekuwa mshindani. Huyu asiyepokea alimwachia soko zima, na kwa kuwa alihukumu kwa ushahidi peke yake, kila kesi ilikuwa na mshindi mmoja na mshindwa mmoja bila longolongo. Zilipovuma habari kwamba anahamishwa, Shemeji alikosa usingizi siku tatu. Duniani hakukuwa na mtu aliyeamini uadilifu wa hakimu yule kuliko yeye. Angeweza kuapa.

Sasa tuje kwenye cherehani.

Shemeji alikuwa na dada mkubwa, mshona nguo, aliyekodi mashine ya watu kwa siku na kuilipia kila jioni. Mashine ya nyumbani ilikuwepo. Ilikuwa ya marehemu mama yao, ya miguu, meza ya mbao, na ndiyo iliyowasomesha wote wawili mpaka darasa walilofikia. Mama alipougua aliiacha kwa fundi mmoja wa nguo, aitie mafuta na kuitunza mpaka atakapopona. Hakupona. Siku zake za mwisho, kitandani hospitalini, alimshika Shemeji kiganja akamwambia, "Ile mashine ni ya dada yako. Usiiache kwa watu, mwanangu." Shemeji akaitikia. Katika ahadi zote alizowahi kutoa kwa binadamu, na alitoa nyingi kwa siku, hiyo ndiyo peke yake aliyokusudia kuitimiza.

Fundi yule, ambaye kwa futi ya kupimia aliyoivaa shingoni hata msibani walimwita Sentimita, aliombwa mashine mara tatu. Mara ya kwanza alisema iko kwa mtu. Mara ya pili alisema ina ubovu. Mara ya tatu alisema aliinunua.

"Tumshitaki," dada alisema. "Wewe si unafanya kazi mahakamani?"

"Nafanya," alisema Shemeji, maana ndivyo alivyomwambia tangu zamani.

"Basi nenda kasimame wewe. Mimi nikisimama mbele ya watu nitalia. Na usishindwe, mdogo wangu. Mgongo wangu umechoka kushona kwenye mashine ya watu."

Kwa hiyo ikawa kwamba Shemeji, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, aliingia chumba namba tatu. Alishangaa kukuta kina madirisha. Alikuwa amevaa viatu vya harusi.

"Kazi yako?" hakimu alimuuliza.

"Mshauri, mheshimiwa."

"Unashauri nini?"

"Nashauri... watu, mheshimiwa."

Huko nyuma kuna mtu alikohoa kicheko. Hakimu alimtazama Shemeji kwa juu ya miwani, akamtazama sana, kisha akasema, "Mahakama inakufahamu kwa sura," akaandika kitu kirefu.

Lakini kesi yenyewe ilikwenda kama maji kwenye mteremko. Shemeji alitoa risiti ya dukani yenye jina la mama na namba ya mashine. Kisha Sentimita akapanda kizimbani, akaapa, akasema kwa ujasiri wa mtu aliyefanya mazoezi kwenye kioo:

"Mheshimiwa, mashine niliinunua. Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Nilimpa mama yao pesa mkononi, dukani kwangu. Akahesabu, akacheka, akaniaga."

"Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu," hakimu alirudia akiandika. "Una hakika?"

"Kabisa, mheshimiwa. Nakumbuka hata alivyocheka."

Shemeji aliruka kutoka kitini. Hakimu akamwambia akae, nafasi yake itafika. Ilipofika alitoa cheti cha kifo. Mama alikuwa amefariki na kuzikwa tarehe mbili ya mwezi huo huo.

"Inawezekana nimechanganya mwezi," alisema Sentimita.

"Kicheko unakikumbuka, mwezi huukumbuki?"

Chumba kizima kilicheka, na karani akagonga meza. Hakimu peke yake hakucheka. Alifunga faili akasema hukumu itasomwa baada ya wiki mbili.

Mtu mwingine yeyote angekwenda nyumbani akalala usingizi mnono. Kesi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imekufa na kuzikwa tarehe mbili. Na Shemeji kweli alitoka akipiga mluzi, akaketi benchini pake, akafungua mkoba atafune mkate.

Ndipo alipomwona Sentimita akitoka kwenye kichumba cha mafagio mwisho wa ukumbi. Alikuwa anatabasamu.

Mtu aliyeumbuliwa mbele ya hadhara na marehemu, anatabasamia nini? Nyuma yake alitoka Mama Usafi akiwa na ndoo, na ndani ya ndoo, chini ya dekio, kilionekana kipembe cha karatasi ya kaki. Shemeji aliurudisha mkate mkobani.

Mama Usafi alifagia ukumbi polepole mpaka akafika kwenye benchi.

"Inua miguu, Shemeji."

Akainua.

"Pole," alisema yule mama.

"Pole ya nini?"

"Ah. Hapana. Mimi ni mtu wa ufagio."

Akaendelea kufagia. Alifagia pale pale ambapo palikuwa pameshafagiliwa. Shemeji alivumilia labda dakika mbili.

"Mama," alisema. "Yule fundi alikuwa anataka nini kule?"

"Kuna watu wana shida zao, mwanangu. Mimi kila asubuhi nafungua ofisi ya mheshimiwa, nafuta meza, nampangia faili zake. Akiingia ananisalimia. Basi. Sijui mambo mengine."

Jambo la kusikitisha ni kwamba Shemeji alitambua kila kitu. Aliutambua ule unyamavu, ulikuwa wake. Alilitambua lile "basi", alilitunga yeye mwenyewe kwenye benchi hilo hilo. Alijua, kuliko mtu yeyote chini ya jua, kwamba hakimu yule hapokei hata kalenda. Yote hayo aliyaona waziwazi. Na bado palikuwa na kisauti ndani yake kikimuuliza: je, kama huyu mmoja ni wa kweli? Ufunguo wa ofisi anao kweli. Faili anazishika kweli. Na yale maneno, "mahakama inakufahamu kwa sura," na kile kitu kirefu kilichoandikwa, kilikuwa nini? Akamkumbuka dada na mgongo wake. Akakumbuka kiganja cha mama. Kwa kesi ya ukuta wa watu alikuwa na akili nyingi sana, lakini hii haikuwa kesi ya ukuta.

"Mama yangu," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa unyenyekevu, "salamu zinaweza kufika?"

Mama Usafi aliegemea ufagio. Alimwangalia kwa huruma ya kweli kabisa.

"Yule mwenzako ametuma nzito," alisema. "Kama ni kupeleka, upeleke ya kueleweka. Lakini mimi nakwambia mapema, mwanangu, mimi si mwizi. Ukishindwa narudisha zote, hata senti haikatwi. Nina wajukuu mimi."

Maneno hayo yalimtuliza Shemeji ajabu. Alikuwa ameyasema mara mia mbili na hakuwahi kujua yana nguvu kiasi kile.

Akaenda kwake. Chini ya kitanda palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa mavuno ya miaka minne: kuta, miti, mashamba, talaka mbili na kesi moja ya mbwa aliyeuma mpangaji. Alilibeba lote kumpelekea Mama Usafi. Alijaribu njiani kupunguza kidogo, akafungua kopo, akatazama ndani, akasikia kile kisauti kikimuuliza kama mwenzake naye amepunguza. Akafunga kopo.

Siku ya hukumu dada alikuja, akaketi nyuma kabisa na leso mkononi. Sentimita alikuwa amenyoa. Alimpungia Shemeji mkono kwa heshima, kama mtu anavyompungia jirani aliyefilisika.

Hakimu alisoma bila haraka. Alitaja risiti, akataja namba ya mashine, akataja cheti cha kifo. Akasema mahakama haijaona namna ambavyo marehemu, siku kumi na mbili baada ya kuzikwa, angeweza kufika dukani kwa mdaiwa, kuhesabu pesa na kucheka. Kisha akavua miwani.

"Mdai," alisema, "mahakama hii imekuona kwenye benchi la nje kwa miaka minne. Sijui unafanya nini pale. Nimejiuliza mara nyingi, na sina fikra nzuri juu yako. Niliandika hivyo siku ile, nikalikata mwenyewe, kwa sababu nilichokihisi mimi si ushahidi. Mashine ni ya mama yenu. Mdaiwa airudishe leo kabla ya saa kumi, na alipe gharama za kesi."

Huko nyuma dada alilia kama alivyoahidi. Shemeji alibaki amesimama. Alihisi furaha, na katikati ya furaha hiyo kukawa na kitu kinachomchoma. Mwanamke yule hakumpenda. Alikuwa na kila sababu ya kumkomoa. Na angempa ushindi tu hata kama angekuja na mifuko mitupu na ndala miguuni. Yeye alilijua hilo tangu mwanzo, aliishi kwalo, alikula kwalo, na siku ilipomfika mwenyewe hakuliamini.

Kisha akakumbuka kopo.

Alimkuta Mama Usafi nje ya kichumba cha mafagio. Sentimita alikuwa naye, anapokea bahasha ya kaki kwa mikono miwili.

"Zihesabu," Mama Usafi alikuwa anamwambia, uso umemshuka. "Nilifika mpaka mlangoni, mwanangu. Mwenzako alipitia juu zaidi."

Sentimita alihesabu. Alimgeukia Shemeji, na hakukuwa na chuki hata chembe machoni mwake. "Huyu mama ni mkweli," alisema. "Mimi nitawaambia watu." Akaenda kuwaambia.

"Hongera sana," alisema Mama Usafi. "Si nilikuambia?"

"Mama, hukusema na mtu yeyote wewe."

"Umeshindwa?"

"Nimeshinda, lakini..."

"Basi. Mimi niliahidi kurudisha ukishindwa. Kushinda tena unataka urudishiwe? Hata haipendezi."

"Ningeshinda bila wewe."

"Inawezekana," alikubali yule mama bila ubishi. "Na wale wako wote?"

Shemeji alijaribu mlango mwingine.

"Nitakushitaki."

"Nenda, mwanangu. Utasema ulinipa nini, na nikampe nani? Hakimu ni huyo huyo. Anahukumu kwa haki sana, hana upendeleo. Atakusikiliza wewe, halafu atanisikiliza mimi, halafu atatufunga wote wawili." Alichovya dekio ndani ya ndoo, akalikamua. "Miaka minne nakufagilia miguuni, hata siku moja hukuniuliza habari za asubuhi. Lakini masikio ninayo."

Saa tisa na nusu mashine iliingia nyumbani kwa dada, imebebwa na Sentimita mwenyewe akihema mlangoni. Dada aliifuta vumbi, akaipaka mafuta, akapitisha uzi. Alipoanza kukanyaga, ule mlio uliokuwa ukiwaamsha asubuhi walipokuwa wadogo ulijaa chumbani, na Shemeji alilazimika kwenda dirishani kuangalia nguo za jirani zilizoanikwa.

"Nilijua tu," alisema dada, mguu hauachi kukanyaga. "Nilijua una watu mahakamani."

"Sina mtu, dada. Tulikuwa na haki. Ushahidi ulikuwa wetu. Hakimu amefuata ushahidi, hakuna kingine."

Dada alisimamisha mashine, akamtazama kwa mapenzi makubwa.

"Sawa," alisema. "Mimi simwambii mtu."

Kesho yake Shemeji alikwenda mahakamani kama kawaida, kwa sababu hakuwa na mahali pengine alipopajua. Aliketi benchini. Mkobani mlikuwa na gazeti na mkate. Haikupita nusu saa akatokea mtu mmoja mrefu, faili kifuani, viatu vinang'aa mpaka vinaumiza macho.

"Samahani, kaka," alinong'ona. "Nasikia hapa kuna mtu anayeweza kusema na hakimu."

Shemeji alimtazama. Mtego ulikuwa tayari, samaki mwenyewe kaja na sufuria. Lakini maneno yalipomfika mdomoni aliona yana ladha ya lile kopo.

"Hakuna," alisema. "Hakimu huyu hapokei kitu. Una ushahidi?"

"Ninao. Mikataba yote hii, na mashahidi wawili."

"Basi ingia, sema kweli, ukae chini. Utashinda. Usimpe mtu yeyote chochote. Hiyo bahasha rudi nayo kwako, wanunulie watoto viatu."

Ulikuwa ushauri wa kwanza wa kweli alioutoa tangu aanze kujiita mshauri, na ulikuwa wa bure. Yule mtu mrefu aliusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu taratibu, kama mtu aliyeng'amua mchezo.

"Wewe ndiye yule uliyeshinda cherehani jana?"

"Ndiyo mimi."

"Ulimpa nani?"

Hapakuwa na jibu la kweli ambalo lingemsaidia yule mtu, na la uongo Shemeji hakulitaka. Mtu mrefu akampigapiga begani kwa uelewa mkubwa, akashukuru, akaondoka kwenda mwisho wa ukumbi, ambako mwanamke wa makamo alikuwa anafagia mbele ya kichumba cha mafagio kwa ufagio mpya wa mpini mrefu. Wakasimama wote wawili kimya. Ilipita labda dakika mbili.

Baadaye Mama Usafi alikuja akifagia mpaka kwenye benchi. Mfuko wa aproni yake ulikuwa umetuna kidogo upande mmoja.

"Habari za asubuhi, mama," alisema Shemeji.

"Nzuri, mwanangu. Inua miguu."

Akainua.